Tuache kusema "niko ofisini"

SAA kumi na moja alfajiri, Reynoldsburg, Ohio, Desemba 2024. Nimetoka shifti ya usiku kwenye ghala moja mashariki ya jiji la Columbus, nimekaa ndani ya gari nasubiri injini ipate moto maana nje ni barafu tupu. Simu inalia. Ni Bukavu, ambako wakati huo ni saa sita mchana. Ni baba.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niko ofisini, baba."

Pembeni yangu alikuwa jamaa ninayempa lifti kila usiku. Huko kwetu alikuwa prefe wa shule ya sekondari, mtu ambaye wanafunzi walinyamaza wakisikia viatu vyake kwenye korido. Alicheka hadi akapaliwa na chai. Sikuwa na haja ya kumwuliza kinachomchekesha. Ndugu zake wote wa Uvira wanaamini kwamba yeye ni "inspekta wa mizigo". Kazi yake halisi ni kufunga maboksi kwa utepe na kuyapanga kwenye paleti, saa kumi kwa usiku.

Ndugu msomaji, mimi ni mwandishi wa habari. Nilisoma chuo kikuu, nikasoma taarifa redioni Bukavu katika miaka ile ambayo mji wetu ulimzika Serge Maheshe, Juni 2007, na baada yake Didace Namujimbo, Novemba 2008, wote wawili wa Radio Okapi, wote wawili kwa risasi. Mimi nilipata bahati ya kukimbia. Nilipitia Bujumbura, nikakaa Kampala, mwisho nikafika hapa. Katika safari hiyo yote sikumbuki siku niliyomdanganya msikilizaji au msomaji wangu kwa makusudi. Lakini baba yangu mzazi nilimdanganya kwa miaka, kila aliponipigia, juu ya jambo ambalo halina aibu yoyote: kwamba nakula kwa kubeba mizigo.

Leo naandika juu ya uongo huo kwa sababu si wangu peke yangu. Uko Columbus, uko Louisville, uko Buffalo, uko kila mji ambako Wakongo, Warundi na Wasomali tumeteremshwa kwenye ndege tukiwa na bahasha ya karatasi mkononi. Katika miaka ya neema uongo huu ulikuwa kichekesho cha ndani ya gari. Katika hali ya uchumi tuliyo nayo umeanza kutugharimu pesa, afya na ndoa.

Hali yenyewe hakuna asiyeijua. Kasi ya kupanda bei nchini Marekani ilifika asilimia 9.1 kwa mwaka Juni 2022. Baadaye ilipungua, lakini wanaosema "imepungua" ni wanauchumi; bei za vitu dukani hazikurudi zilikotoka, na kodi za nyumba ndiyo kabisa. Kisha Januari 20, 2025, Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi. Katika mwaka wa serikali ulioishia Septemba 2024 nchi hii ilikuwa imepokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na karibu 20,000 kati yao walitoka Kongo, wengi kuliko kutoka nchi nyingine yoyote. Watu wanaliona jambo hilo kwa upande wa ndugu waliobaki Nakivale na Nyarugusu, na ni haki yao. Lakini lina upande wa pili: mashirika yanayopokea wakimbizi ndiyo yaliyokuwa yakiwapa wasomi wetu kazi za kukaa mezani, za ukalimani na za kufuatilia mafaili ya familia. Mkondo ulipokauka, kazi hizo nazo zikakauka. Aprili mwaka huo huo UPS, mwajiri wa ndugu zetu wengi kule Louisville, ilitangaza kwamba itapunguza kazi 20,000 nchini kote. Julai 4, 2025 ikasainiwa sheria iliyowaondoa wakimbizi wasio na green card kwenye msaada wa chakula wa serikali. Oktoba 1 serikali ikafungwa kwa siku 43, na pesa za chakula za Novemba zikachelewa hata kwa wale waliokuwa na haki nazo.

Katika vuli hiyo hiyo jamaa mmoja wa hapa kwetu alipunguzwa kazi. Simtaji, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike. Kwa wiki saba aliamka saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, akavaa kizibao chake cha kung'aa, akachukua chakula alichofungiwa na mkewe, akaenda kukaa ndani ya gari kwenye maegesho ya maktaba. Jioni alirudi amechoka kweli, kwa sababu kukaa kwenye gari lenye baridi kuanzia asubuhi hadi jioni kunachosha kuliko kubeba maboksi. Michango iliendelea kuja: harusi ya Kampala, matanga ya Uvira, mtoto wa fulani amelazwa. Yote aliitikia, kwa kadi ya mkopo. Deni lilipojulikana lilikuwa limepita dola 6,000. Na katika wiki hizo hizo aliambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba kuna hospitali inatafuta wasafishaji wa usiku, wenye bima na likizo. Alijibu kwamba ana lisansi, hawezi kupiga deki.

Mkewe alijua tangu wiki ya pili. Aliniambia baadaye kwamba nguo zake hazikuwa na vumbi la maboksi. Alinyamaza kumlindia heshima. Kwa hiyo watu wawili wanaopendana walidanganyana mwezi mzima ndani ya nyumba ya vyumba viwili, kila mmoja akimhurumia mwenzake, na deni linakua.

Sasa tujiulize aibu hii tuliitoa wapi. Mababu zetu walilima, walivua samaki katika Tanganyika na Kivu, walichunga ng'ombe juu ya milima, na sijasikia kwamba waliona haya. Mbelgiji ndiye aliyetufundisha kwamba kuna mkono safi na mkono mchafu. Mtu aliyebeba, aliyepika na kufua aliitwa "boi", hata akiwa na wajukuu. Karani aliyeshika kalamu ndiye aliyekuwa mtu kidogo, na kuanzia mwaka 1948 wachache waliweza kuomba kadi ya kuthibitisha kwamba wamestaarabika. Ili kuipata walichunguzwa mpaka jinsi wanavyoishi nyumbani. Baada ya uhuru Mobutu akaja na Salongo, kazi ya lazima ya umma, akatufanya tuimbe kuhusu kazi huku wakubwa wakitazama wakiwa kivulini. Baada ya yote hayo, unashangaa kwamba mzazi wa Kikongo anataka mtoto wake "akae ofisini"? Ofisi kwetu haikuwa mahali pa kufanyia kazi. Ilikuwa mahali pa kutopigwa.

Naelewa, basi. Lakini kuelewa si kukubali, na mimi mtu aliyenifundisha kutokubali alikuwa ni huyo huyo baba niliyemdanganya.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Waliokuwa Zaire miaka ya tisini hawahitaji kuelezwa hilo lina maana gani. Oktoba 1993 serikali ilileta pesa mpya, na zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni tatu. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulizidi asilimia 20,000. Mshahara wa mwalimu ulipofika, ukifika, ulikuwa hautoshi sabuni. Walimu waligoma, shule zikafungwa, na zilipofunguliwa ni wazazi waliokuwa wakichanga "prime" ili mwalimu asiende zake. Serikali iliona mpango huo ni mtamu, ikauacha. Ukadumu zaidi ya miaka ishirini na tano.

Katika miaka hiyo baba alikuwa na shati moja la kazi. Alilifua jioni, akalipiga pasi ya makaa asubuhi, mstari wa mkono umenyooka kama rula. Vipande vya chaki vilivyobaki vidogo alivikusanya kwenye kopo la maziwa. Madaftari aliyasahihisha yote, kila siku, kwa taa ya mafuta, na mafuta yalikuwa ghali kuliko mshahara wake. Na mchana baada ya shule alibeba makala. Aliyanunua kwa magunia kutoka kwa watu wa mlimani, akayapeleka soko la Kadutu kichwani, akayauza kwa vifungu.

Siku moja wanafunzi wake wakamwona. Mwalimu, gunia kichwani, jasho jeusi linamtiririka mpaka shingoni. Wakacheka kama watoto wanavyocheka. Mimi nilikuwa miongoni mwao, nilisoma darasa lake, na nakiri hapa kwamba nilijificha nyuma ya meza ya muuza dagaa ili asinione na nisionekane kuwa mtoto wake. Usiku ule niliomba Mungu augue, asiende shule kesho.

Alikwenda. Shati jeupe, mstari umenyooka. Akachukua chaki akaandika ubaoni bei ya gunia la makala, bei ya kifungu kimoja, idadi ya vifungu vinavyotoka katika gunia, na ushuru wa soko. Akageuka: "Jana wengi wenu mliona nikibeba gunia. Haya, nani ataniambia nilipata faida kiasi gani?" Kalamu zikashuka kwenye madaftari. Hakuna aliyecheka. Tulifanya hesabu ya makala wiki nzima, na mpaka leo hesabu ya faida na hasara siwezi kuikosea.

Sikuwa na akili ya kuelewa kilichotokea siku ile. Sasa nakielewa. Kama angetoa maelezo, kama angesema "ni hali tu, mimi kwa kweli ni mwalimu", tungemdharau hadi tunamaliza shule. Yeye alikataa kuwa na kazi mbili, moja ya kuonyesha na nyingine ya kuficha.

Lakini hapa nieleweke vizuri, kwa sababu kuna hotuba za aina fulani ninazozisikia kwenye mikutano yetu na sitaki makala hii ihesabiwe pamoja nazo. Ni zile za "kazi ni kazi, mshukuru Mungu, msinung'unike". Baba yangu na walimu wenzake waliambiwa maneno hayo kwa robo karne. Waliambiwa ualimu ni wito. Wakaambiwa taifa linawategemea. Fahari yao katika kazi ndiyo iliyotumiwa kuwanyima mshahara: serikali ilijua kwamba mtu wa namna ile atapiga pasi shati lake na kwenda darasani hata asipolipwa. Elimu ya msingi ilipotangazwa bure Septemba 2019 mzigo ukatoka kwa wazazi, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini hata baada ya hapo maelfu ya walimu waliendelea kufundisha bila kuwemo kwenye orodha ya malipo. Fahari ya mfanyakazi isiyouliza mshahara ni chakula cha mwajiri mbaya.

Hapa Marekani wapo waliotuonyesha njia kabla yetu, na walikuwa wazoa taka. Februari 1, 1968, mjini Memphis, wafanyakazi wawili weusi wa gari la taka walijikinga mvua nyuma ya gari lao. Mtambo wa kushindilia taka ukafyatuka, ukawaua. Siku 11 baadaye wenzao wapatao 1,300 waligoma. Waliandamana na mabango shingoni yenye maneno manne tu ya Kiingereza, ambayo kwa lugha yetu ni "Mimi ni mwanamume". Kwa nini waliandika hivyo? Kwa sababu kazini mzee wa miaka sitini aliitwa "boi". Neno lile lile, ndugu zangu, lile alilotumia Mbelgiji. Martin Luther King alikuwa Memphis kwa ajili ya mgomo huo alipouawa Aprili 4. Mgomo uliisha Aprili 16, mji ukikubali kutambua chama chao na kuwaongezea mshahara. Watu hawa hawakusema "tuondoeni kwenye taka, sisi ni wakubwa kuliko taka". Walitaka waizoe kama watu, kwa malipo ya watu, bila kusagwa. Heshima ya kazi na madai ya haki vilitembea barabara moja, ndani ya mwili mmoja.

Kwa hiyo anayejivunia kazi yake na asome karatasi yake ya mshahara. Naona aibu kusema ni wangapi kati yetu hawaisomi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 inasema kwamba wafanyakazi wengi wanaolipwa kwa saa, na wa maghala wamo, wakipita saa 40 kwa wiki wanastahili mara moja na nusu ya malipo yao kwa kila saa ya ziada. Kima cha chini nacho kinatofautiana: Kentucky ilikuwa bado dola 7.25 mwanzoni mwa 2026, kiwango cha shirikisho ambacho hakijapanda tangu Julai 2009. Ohio ilipandisha hadi dola 11 Januari 2026. Buffalo, jimbo la New York, dola 16. Maghala mengi hulipa zaidi ya hapo, kweli, lakini mtu anayeficha kazi yake hawezi kumwuliza binamu yake wa Buffalo analipwa kiasi gani. Aibu inatufungia kila mmoja chumbani kwake na cheki yake. Ajensi moja ya kazi za muda iliwahi kunikata pesa za kizibao na viatu kwa miezi minne. Mimi, mwandishi wa habari, niliyewahi kumhoji gavana, sikuuliza. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba kweli mimi ni mtu wa ghala.

Nimetaja Louisville. Pale uwanja wa ndege kuna Worldport ya UPS, iliyofunguliwa mwaka 2002, inayoweza kuchambua vifurushi zaidi ya 400,000 kwa saa. Kazi kubwa ya pale ni usiku, kuanzia wakati watu wa kawaida wanalala. Mwaka 1998 kampuni ilikuwa haipati vijana wa kutosha wa kukesha, ikakubaliana na mji, jimbo na vyuo kuanzisha mpango wa kulipia ada ya chuo kwa wanaofanya kazi usiku. Haikuwa sadaka, walihitaji mikono. Lakini vijana wenye akili waliikamata nafasi ile. Najua binti wa Kirundi aliyesoma uuguzi kwa njia hiyo, akitoka kwenye vifurushi alfajiri, analala saa tatu kwenye sofa, anaingia darasani. Nilipomwuliza kama aliwaficha wa nyumbani kazi yake alinitazama kana kwamba nimeongea Kichina. "Kaka, niwafiche ili iweje? Ndiyo iliyonilipia." Kizazi chake labda kimepona ugonjwa wetu.

Buffalo ni hadithi nyingine. Mwaka 1950 ulikuwa mji wa watu 580,000. Kiwanda cha chuma cha Bethlehem pale Lackawanna, jirani yake, kiliwahi kuwa na wafanyakazi wapatao 20,000. Kilizima sehemu kubwa ya shughuli zake mwaka 1983, na mji ukaendelea kumwagika kama gunia lililotoboka hadi watu 261,000 katika sensa ya 2010. Sensa ya 2020 ilihesabu 278,000, mara ya kwanza kuongezeka tangu 1950, na sehemu ya ongezeko hilo ni wahamiaji na wakimbizi, Wakongo wakiwemo. Walinunua nyumba zilizokuwa zimezibwa madirisha kwa mbao. Walizinunua kwa pesa za kukata kuku, kuosha vyombo vya mahoteli na kuwageuza wazee vitandani katika nyumba za kutunzia wazee. Anayetaka kuwaonea haya na awaonee. Lakini kodi ya nyumba hizo ndiyo sasa inaingia kwenye hazina ya mji uliokuwa unakufa.

Na hapa kwetu Reynoldsburg, kama umepita Barabara Kuu umeona picha za nyanya kila mahali na labda umeshangaa. Ni kwa sababu ya mtu mmoja anayeitwa Alexander Livingston, aliyetafuta kwa miaka nyanya iliyo laini, ya mviringo na inayofanana moja na nyingine, wakati nyanya za zamani hizo zilikuwa na makunyanzi, chachu na uwazi ndani. Kwa muda mrefu alichagua tunda zuri akapanda mbegu zake, akapata matunda mabaya. Akaanza kutazama mche mzima badala ya tunda moja, na mwaka 1870 akatoa nyanya aliyoiita Paragon. Mji unamfanyia sherehe. Mkulima wa nyanya! Kwetu angeitwa mtu aliyeshindwa shule.

Nirudi kwenye jambo lenyewe. Nafikiri kuna mambo ambayo jumuiya zetu zinaweza kuyafanya wiki hii bila kusubiri Washington. Kwenye likelemba zetu, mtu akipunguzwa kazi na aseme katika kikao cha kwanza, na mchango wake usimamishwe bila maneno wala minong'ono. Pesa iliyotoka kwenye kadi ya mkopo yenye riba ya asilimia zaidi ya 20 haijengi harusi ya mtu, inabomoa ndoa ya mwingine. Wachungaji na mashehe, nasema kwa heshima, mkiwaita watu mbele kuwapongeza msiwaite tu waliohitimu uuguzi na walionunua lori. Wengi wa hao wa malori nao wanalia tangu bei za usafirishaji ziliposhuka baada ya 2022, ila wanalia wakiwa wamefunga vioo. Mwiteni pia mama anayesafisha vyoo vya uwanja wa ndege, aeleze kazi yake inafanywaje. Ina ufundi wake. Kuna dawa usizochanganya, ukizichanganya unazimia.

Na wasomi wenzangu, wa diploma zisizotambuliwa. Sisemi tuziache. Mwenye udaktari na apiganie mitihani yake, mwalimu na aombe cheti chake cha jimbo. Mimi naandika makala hizi baada ya shifti, na sitaacha. Ninachokataa ni kule kusema kwamba maisha yetu ya kweli yako kwenye karatasi iliyo kabatini, na kwamba saa kumi za kila usiku si zetu, ni za mtu mwingine. Ni saa nyingi mno za kumpa mtu mwingine.

Yule jamaa wa maegesho ya maktaba alikwenda hospitali mwezi Desemba 2025. Anapiga deki ghorofa ya nne. Deni bado lipo, wanalilipa pamoja na mkewe. Bado haongei sana.

Mimi nilimpigia baba kabla ya mwaka huo kwisha. Bukavu ilikuwa imetekwa tangu Februari 2025, mabenki yamefunga milango, na pesa ninayomtumia ilikuwa ikimfikia kwa njia za kuzunguka. Nilianza na hayo ili nisianze na langu. Mwishowe nikamwambia: baba, sifanyi kazi ya redio, sijawahi kuifanya tangu nifike. Nabeba maboksi ghalani, usiku.

Kimya. Nilidhani mtandao umekatika.

"Kwa saa moja unabeba mangapi?"

"Kama 120, baba."

"Wanakulipa kiasi gani kwa saa?"

"Dola 18."

Nikamsikia akihesabu kwa sauti, polepole, kama zamani mbele ya ubao. Dola 18 ni senti 1,800. Gawanya kwa 120.

"Senti 15 kwa boksi," akasema. "Na boksi moja wao wanaliuza kwa ngapi?"